Pasaka kwa Mama Asiye na Kaburi: Tunamaanisha Nini Tukisema "Kristo Amefufuka"?



Vijana wenzangu, Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli, aleluya! Natumaini sikukuu imekwenda salama. Waliokula pilau kwa niaba yetu sisi tuliobaki kuosha masufuria, Mungu awabariki.

Leo naomba tutulie kidogo tujifunze. Kila mwaka tunaimba aleluya, tunavaa vizuri, tunapiga picha mbele ya kanisa. Lakini mtu akimshika mmoja wetu pale nje akamuuliza, "Hivi kufufuka maana yake nini hasa?" wengi tutajibu haraka haraka. Mmoja atasema, "Yesu alikufa, halafu akarudi kuwa mzima kama zamani." Mwingine atasema, "Maana yake roho haifi." Majibu yote mawili yana kasoro. Mimi mwenyewe kasoro hiyo niliigundua kwa aibu, hapa hapa Mafia.

Swali nililolijibu vibaya

Kwa msionifahamu, nimemaliza masomo ya falsafa na sasa niko kwenye mwaka wa kichungaji hapa kisiwani. Wakati wa Kwaresima nilikwenda na wanajumuiya kumtembelea mama mmoja pale Kilindoni. Sitamtaja jina. Kijana wake alikuwa mvuvi. Alitoka usiku mmoja na wenzake, bahari ikachafuka, chombo kikapinduka. Wenzake wawili waliokolewa, yeye hakuonekana. Watu walimtafuta siku kadhaa, wengine kwa miguu ufukweni, wengine kwa vyombo, mpaka wazee wakasema basi, inatosha. Matanga yakakaa bila jeneza.

Tulisali Rozari. Tulipomaliza, mama akanigeukia.

"Mwanangu frateri, hapa tumesema tunasadiki ufufuko wa miili. Wenzangu wakizidiwa na huzuni wanakwenda makaburini, wanapalilia, wanawasha mshumaa. Mimi niende wapi? Mwanangu ameliwa na samaki. Sasa yeye atafufukaje?"

Na mimi, na digrii yangu, nikajibu bila hata kuvuta pumzi: "Mama, usihangaike na habari za mwili. Mwili ni ganda tu. Cha maana ni roho yake, na roho iko mikononi mwa Mungu."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Lakini mimi sikuzaa roho, baba. Nilizaa mtoto."

Nilirudi nyumbani kimya. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua yeye ndiye aliyesema imani ya Kanisa, na mimi ndiye niliyekosea.

Kosa langu lina jina

Nilichomwambia yule mama kinapatikana kwa Plato, mwanafalsafa Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake kinachoitwa Phaedo, anasimulia siku ya mwisho ya mwalimu wake Socrates, na humo mwili unaonekana kama gereza la roho. Kifo kinakuwa kama mlango wa gereza kufunguliwa. Ni mawazo mazito, na niliyasoma kwa kuyafurahia. Ila si Injili.

Angalia Mtume Paulo alipokwenda Athens, mji wa Plato mwenyewe (Mdo 17:16-34). Walimsikiliza vizuri alipozungumza juu ya Mungu aliyeumba ulimwengu. Alipofika kwenye ufufuko wa wafu, baadhi yao wakamcheka, wengine wakamwambia watamsikiliza siku nyingine. Kwa nini walicheka? Kama Paulo angewaambia kwamba roho inaendelea kuishi, wengi wao wasingeshangaa hata kidogo. Walicheka kwa sababu alizungumzia mwili. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba mwili ni gereza, kumwambia kuwa Mungu ataufufua ni kama kumwambia mfungwa aliyeachiliwa kwamba kuna habari njema, anarudishwa ndani.

Mt. Tomaso wa Akwino, katika ufafanuzi wake wa 1Kor 15, anafundisha kwamba roho peke yake sio mtu mzima. Kama kinachookolewa ni roho tu, basi mimi bado sijaokolewa. Imeokolewa sehemu yangu. Yule mama wa Kilindoni hajamsoma Tomaso wa Akwino, lakini alisema jambo lile lile. Hakuzaa roho. Alizaa mtoto mwenye macho, kicheko, na kovu alilopata utotoni.

Kilichotokea asubuhi ile

Sasa turudi kaburini, Jumapili alfajiri. Ili tuelewe ufufuko, tuanze kwa kuondoa yale ambayo siyo.

*Kwanza, Yesu hakurudi kwenye maisha ya zamani.* Lazaro alirudi (Yn 11). Binti wa Yairo alirudi, na yule kijana wa Naini alirudi. Lakini wote hao walikuja kufa tena. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 646, inatofautisha wazi: ufufuko wa Kristo sio kurudi kwenye maisha haya ya duniani kama ilivyokuwa kwa hao. Tuseme hivi: Lazaro alirudishwa ufukweni aliotoka, na siku moja atalazimika kusafiri tena. Kristo amevuka mpaka ng'ambo. Kifo hakina tena nguvu juu yake (Rum 6:9).

*Pili, Yesu hakuwa mzimu.* Soma Lk 24:36-43. Wanafunzi waliogopa, wakadhani wanaona roho. Yesu akawaonyesha mikono na miguu, akawaambia wamshike. Walipozidi kushangaa, akauliza kama kuna chakula. Wakampa kipande cha samaki wa kuchoma, akala mbele yao. Jamani, hebu tulitafakari hili sisi tunaoishi na samaki kila siku! Ushahidi wa kwamba yeye si kivuli ni kipande cha samaki. Na katika Yn 21 ni yeye aliyewasha moto wa makaa ufukweni, akawawekea samaki na mkate. Wao walikuwa wametoka kuvua usiku kucha bila kupata kitu, mpaka alipowaelekeza, wakavuta wavu wenye samaki 153. Mfufuka anawaandalia wavuvi kifungua kinywa.

Lakini vilevile mwili ule haukuwa kama zamani. Aliingia milango ikiwa imefungwa (Yn 20:19). Maria Magdalena alimdhania mtunza bustani. Wale wawili wa Emau walitembea naye njia nzima bila kumtambua. Ni yule yule, ndiyo maana madonda yapo. Ila yuko katika hali mpya, hali ya utukufu.

*Tatu, ufufuko sio jambo la asili.* Hapa niwe mkweli, kwa sababu mwanzoni nilitaka kuandika somo zima kwa mfano wa kasa. Mnajua ng'ambo ya hapa, kisiwani Juani, kasa hupanda pwani usiku, hufukia mayai mchangani, mara nyingi zaidi ya 100, halafu hurudi baharini. Kwa muda wa miezi 2 hivi hakuna dalili yoyote. Halafu siku moja mchanga unatikisika na vitoto vinatoka vikikimbilia maji. Ukiona jambo hilo unasema, aleluya, hii ndiyo Pasaka!

Ni picha nzuri, lakini inakwama mahali pamoja. Yule kasa mdogo hakuwa amekufa. Uhai ulikuwemo ndani ya yai muda wote. Ukisubiri na joto la mchanga likitosha, atatoka. Yesu hakuwa amelala kaburini akisubiri muda. Alikufa kabisa, kama kijana wa yule mama alivyokufa kabisa. Ndani ya maiti hakuna uhai uliojificha unaongoja siku yake. Kama kuna uhai tena, basi umetolewa na Mungu.

Utaniuliza, mbona Paulo ametumia mfano wa mbegu katika 1Kor 15:35-44? Ni kweli. Lakini angalia anasema nini kwenye aya ya 38: ni Mungu anayeipa ile mbegu mwili kama apendavyo. Paulo anatumia mbegu kuonyesha mambo mawili, kwamba kinachoota ni kile kile kilichopandwa, na kwamba kinafanana kidogo sana na kile kilichopandwa. Hasemi kwamba sisi tuna nguvu ya kuota wenyewe. Tumaini letu halitegemei kilichobaki cha marehemu. Linategemea uaminifu wa Mungu.

Mkishika hilo moja, mtakuwa mmeshika nusu ya somo hili.

Basi aliyechukuliwa na bahari je?

Swali la yule mama sio geni. Wakristo waliulizwa hivyo hivyo tangu mwanzo, mara nyingi kwa dhihaka. Katika maandishi ya kale juu ya ufufuko yanayohusishwa na Athenagora wa Athens, Mkristo wa karne ya 2, swali hili limo wazi kabisa: vipi kuhusu wale waliozama, ambao miili yao imekuwa chakula cha samaki? Na Mt. Augustino, katika kitabu cha 22 cha *Mji wa Mungu*, anawajibu waliouliza juu ya miili iliyoliwa na wanyama, iliyoungua moto, na iliyoyeyuka majini.

Majibu yao, kwa ufupi, ni haya: aliyeweza kukuumba wakati hukuwepo kabisa hashindwi kukurudisha baada ya kuwepo. Mungu hatafuti vipande vyetu kwa kubahatisha, kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Hakuna mahali ambapo kiumbe chake kinaweza kumpotea.

Niongeze jambo dogo la kifalsafa. Fikiria mwili wako ulipokuwa na miaka 5. Sehemu kubwa ya vilivyounda mwili ule leo haimo tena ndani yako. Umekula, umekua, umebadilika. Mbona mama yako bado anakuita mwanangu yule yule? Maana kinachokufanya uwe wewe hakijawahi kuwa hesabu ya chembe zako. Kwa hiyo hata aliyezikwa vizuri na akajengewa kaburi la marumaru, miaka mingi ikipita naye huwa mavumbi. Mbele ya ufufuko, mwenye kaburi hajamzidi asiye na kaburi. Wote wawili wanamtegemea Mungu kwa asilimia mia moja.

Na Maandiko hayakuisahau bahari. Katika Ufu 20:13 Yohane anaona siku ya mwisho, na bahari inatajwa kwa jina: inawatoa wafu waliomo ndani yake. Inatajwa hata kabla ya kuzimu. Mnakumbuka MV Bukoba iliyozama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996? Mnakumbuka MV Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba? Wapo waliopotea humo na familia zao hazikupata cha kuzika. Andiko hilo ni lao pia.

Itakuwaje, kwa namna gani? Katekisimu namba 1000 inakubali kwamba jinsi itakavyokuwa inazidi uwezo wetu wa kuwaza. Tusijifanye tunajua. Tunajua *nani* atafanya, na tumeshaona amelifanya kwa mmoja. Ndiyo maana Paulo anamwita Kristo malimbuko (1Kor 15:20). Malimbuko ni mazao ya kwanza kuvunwa. Ukiona ya kwanza yameingia nyumbani, unajua shamba limeiva.

Mkesha unatuambia nini

Pasaka huja kila mwaka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Wavuvi wa dagaa wanaujua vizuri mwezi huo, maana taa zao hazifanyi kazi vizuri mbalamwezi ikiwaka. Nasi tunawasha mshumaa mmoja gizani nje ya kanisa, wenye alama ya msalaba, Alfa na Omega, tarakimu za mwaka, na punje 5 za ubani kukumbuka madonda 5. Angalieni, hata kwenye mshumaa wa ushindi madonda yamo.

Halafu yanasomwa masomo. Kati ya masomo ya Agano la Kale usiku huo, kuna moja ambalo Kanisa haliruhusu kuliacha hata kama muda ni mfupi: Kut 14, Waisraeli kuvuka bahari. Mbele maji, nyuma jeshi la Farao. Mungu akafungua njia katikati ya kile kilichoonekana kuwa kaburi lao. Baadaye padre hubariki maji ya ubatizo, na mshumaa wa Pasaka huweza kushushwa ndani ya maji yale. Kristo anashuka kwenye maji, kisha anapanda. Ndivyo Rum 6:3-5 inavyosema juu ya ubatizo: tumezikwa pamoja naye, ili tufufuke pamoja naye.

Nilikuwa nimehudhuria mikesha mingi. Mwaka huu ndipo nilipoelewa: Kanisa halikwepi kuzungumza juu ya maji yanayoua. Linapeleka mshumaa humo humo.

Rafiki yako Mwislamu akikuuliza

Hapa kisiwani wengi wa majirani zetu ni Waislamu. Tumesoma nao, tunavua nao, na msiba wa yule mama wao ndio walioingia baharini kutafuta. Tukizungumza nao habari ya Pasaka, tukumbuke kwamba nao wanaamini Siku ya Kiyama na kufufuliwa kwa wafu. Hapo hatuna ugomvi. Tunapotofautiana ni Msalaba: wao hawakubali kwamba Yesu alisulubiwa akafa, sisi tunasema bila kifo hicho hakuna Pasaka. Ukiulizwa, eleza imani yako kwa upole na heshima, kama anavyofundisha Petro (1Pet 3:15). Usibishane ili ushinde. Sema unachokiamini, msikilize naye, kisha mwendelee kunywa kahawa.

Tuishi vipi basi?

Kama mwili utafufuka, mambo 3 yanabadilika leo.

1. *Heshimu mwili wako.* Paulo anatumia ufufuko kama sababu ya kukataa uasherati (1Kor 6:13-20). Kijana anayesema "mwili wangu, nautumia nitakavyo" na yule anayesema "mwili ni ganda tu" wanafanana kuliko wanavyodhani. Wote wameushusha bei.

2. *Linda mwili wa mwenzako.* Nyie mnaokwenda baharini, vaeni jaketi okozi. Kusi linaanza sasa. Msione ni uoga. Tumaini la ufufuko halimfanyi mtu acheze na uhai. Linamwonyesha jinsi Mungu anavyouthamini.

3. *Kaa na waliofiwa, na usikimbilie kujibu.* Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia (Yn 11:35). Ombea marehemu. Hata mwili usipopatikana, Misa ya kumwombea inaweza kuadhimishwa. Wengi hawalijui hili, wakaishi miaka na mzigo.

Nilirudi kwa yule mama

Katikati ya juma la Pasaka nilikwenda tena, na vijana watatu. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Siku ile nilikujibu vibaya." Nikamweleza haya niliyowaandikia, kwa maneno machache zaidi. Tukashuka pamoja mpaka pwani, maji yalikuwa yanajaa. Tukasoma Yn 21, tukamtaja mwanawe kwa jina la ubatizo, tukamwombea.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na atanijua?"

Safari hii nilifikiri kwanza. Nikamwambia, "Maria Magdalena hakumjua Yesu kwa macho, mama. Alimjua alipoitwa jina lake."

"Basi nitamwita," akasema.

Sijui kama huzuni yake imepungua, na sikumuuliza. Ila mtu aliyeniambia hana pa kwenda sasa hushuka pale pwani, na nikipita jioni nimemkuta mara mbili akisali.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Kabla ya somo hili, ungemjibu nini yule mama? Umebadilisha wapi?
2. Tofauti kati ya ufufuko wa Lazaro na wa Kristo ni ipi? Soma Yn 11 na Yn 20.
3. Je, katika jumuiya yenu kuna familia iliyopoteza mtu bila kumzika? Mtafanya nini pamoja nao?

Tusali

Ee Bwana Yesu Mfufuka, uliyewasha moto ufukweni na kuwangoja waliochoka, uwapokee wote waliochukuliwa na maji. Wewe unajua walipo, hata sisi tusipojua. Uwatunze wanaotoka usiku kutafuta riziki. Utupe sisi vijana kuheshimu miili yetu na ya wenzetu, na siku ile utuite kila mmoja kwa jina lake. Amina.

Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli, aleluya!